MBEGU YA MBOGA NA MSHAHARA WA MFANYA KAZI

(Maneno yaliyosemwa na Halmashauri ya Elimu mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi. Yamepigwa chapa hapa ili ndugu waliokuwa zamu siku ile nao wayapate.)



Tumeombwa tuseme juu ya kuchagua mbegu za mboga. Twajua wako wanachama wanaouliza: chama cha wafanya kazi na mbegu za sukuma wiki, wapi na wapi? Kazi ya chama ni mishahara, saa za kazi, nyumba na likizo. Maneno hayo ni ya kweli, wala hatuyapingi. Lakini mshahara ukishapokelewa hauketi mfukoni. Huenda kwa unga, huenda kwa karo, na kila jioni huenda kidogo kidogo kwa fungu la mboga. Fedha ya mboga haionekani kwa sababu ni ndogo, lakini hutoka siku thelathini kwa mwezi. Nyongeza tunayoipigania mezani kwa miezi mingi yaweza kuliwa yote hapo. Ndiyo sababu twaona kwamba jambo hili ni la chama pia.

Tena tuseme neno moja mapema, lisije likasahauliwa. Kishamba cha mboga si sehemu ya mshahara. Mwajiri asije akasema, "Watu hawa wana vishamba, hawahitaji nyongeza." Mboga ile ni jasho la mfanya kazi na jamaa yake baada ya saa za kazi, wala haimo katika mapatano. Twalima ili tule vizuri. Hatulimi ili tulipwe kidogo.

Basi, tuje kwenye mbegu.

MASWALI MANNE KABLA YA KWENDA DUKANI

Watu wengi huchagua mbegu kwa kutazama picha iliyo juu ya pakiti. Picha ile ni ya mmea uliopata maji ya kutosha, mbolea ya kutosha, dawa, na mtu wa kuutazama mchana kutwa. Mfanya kazi hurudi nyumbani jioni akiwa amechoka, na jua linatua. Mmea wake hautafanana na ule wa picha. Yafaa ajiulize maswali manne.

La kwanza: nitapanda wapi? Nchi yetu ina baridi na joto kwa mwendo wa saa chache tu. Kericho iko juu karibu mita 2,000, na mvua yake haikosi kwa muda mrefu. Thika iko chini zaidi na ina joto zaidi. Mombasa iko usawa wa bahari. Kabichi hupenda baridi. Nyanya hupenda joto na hewa kavu. Bamia, kunde na mchicha huvumilia joto la pwani ambalo kabichi huliogopa. Kwa hivyo usinunue mbegu kwa sababu tu ndugu yako wa Limuru alivuna vizuri, ikiwa wewe wafanya kazi Voi. Muulize jirani aliye na udongo kama wako na maji kama yako.

La pili: ni ya kula au ya kuuza? Mboga ya kula nyumbani yafaa itoe kidogo kidogo kwa muda mrefu. Mboga ya kuuza yafaa ikomae pamoja, ivumilie safari ya gari, na imvutie mnunuzi. Mara chache sana mbegu moja hufanya kazi zote mbili.

La tatu: ni nani atakayeitunza, na maji yatatoka wapi? Tuseme kweli, ndugu wanaume. Mara nyingi anayeteka maji na kupalilia ni mama wa nyumba, naye ndiye aendaye na jembe huku mtoto yu mgongoni. Lakini anayekwenda dukani kuchagua mbegu ni bwana, tena huchagua peke yake. Jambo hilo si haki, wala halina faida. Anayeibeba kazi yajua mikono yake. Yeye ndiye ajuaye ni debe ngapi za maji anazoweza kuleta, na ni mboga gani watoto huimaliza na ipi huiacha sahanini. Basi na awe na sauti katika kuchagua.

La nne: ardhi hii ni yangu mpaka lini? Swali hili latuhusu sana sisi tunaokaa katika nyumba za mashamba makubwa. Kishamba kilicho nyuma ya nyumba ya kampuni chaweza kuchukuliwa, na mfanya kazi wa muda hajui kama mkataba wake utaendelea. Asiye na hakika ya miezi sita asipande kitunguu, ambacho tangu kusia mbegu mpaka kung'oa huchukua miezi minne mpaka mitano au zaidi. Yafaa apande mboga zinazolipa mapema. Terere na majani ya kunde huanza kuchumwa katika juma la tatu au la nne baada ya kusia. Managu na saga hufuata upesi. Akiambiwa aondoke, atakuwa amekwisha kula.

MBEGU ZA NAMNA MBILI

Katika maduka ya mbegu kuna mbegu za namna mbili, na tofauti yake ni fedha.

Namna ya kwanza ni mbegu za kawaida. Hizi, ukipanda na kuacha mmea ukomae, ukakusanya mbegu zake vizuri, mwaka ujao utapata mmea ulio kama mzazi wake. Namna ya pili ni haibridi, nazo huandikwa F1 baada ya jina. Wataalamu hutunza koo mbili za mmea kwa miaka mingi, kisha hupaka unga wa maua ya ukoo mmoja juu ya maua ya ukoo wa pili. Mbegu inayotoka hapo hutoa mimea yenye nguvu, tena iliyo sawasawa yote. Lakini ukitwaa mbegu za mmea huo na kuzipanda, watoto hawatafanana na mzazi wao wala wao kwa wao. Mmoja atakuwa mrefu, mwingine mfupi, mwingine hazai kitu cha maana. Kwa hivyo mwenye kupanda F1 hununua upya kila msimu.

Wakulima wa Kenya wanajua habari hii kwa mahindi. Kenya Seed Company ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na mwaka 1964 mahindi ya haibridi yalianza kutolewa kwa wakulima kutoka huko. Mavuno yaliongezeka sana, na wakati ule ule watu walijifunza kurudi dukani kila mwaka.

Hatusemi kwamba F1 ni mbaya. Mwenye nusu eka, maji ya mfereji, na soko la hakika, hapana shaka F1 nzuri yaweza kumlipa, hata kama bei yake ni kubwa mara nyingi kuliko ile ya mbegu ya kawaida. Lakini F1 ni kama ng'ombe wa maziwa wa kizungu. Ukimlisha vizuri, atakupa ndoo. Ukimfunga kwenye majani makavu, hatakushinda kitu kwa yule wa kienyeji, nawe umekwisha lipa fedha nyingi. Mtu wa kishamba cha hatua kumi, mwenye samadi kidogo na debe mbili za maji kwa siku, mara nyingi atapata faida zaidi kwa mbegu nzuri ya kawaida.

MBOGA MOJA MOJA

Sukuma wiki. Hii ndiyo rafiki ya mfanya kazi, na jina lake lenyewe lasema kazi yake. Mbegu zake za kawaida ni nzuri, kama ile iitwayo Thousand Headed na zile za koladi. Huchumwa majani ya chini huku mmea ukiendelea kupanda juu, kwa miezi mingi. Huko Kinale katika wilaya ya zamani ya Kiambu wakulima wametunza ukoo wao wenyewe wa sukuma kwa miaka mingi, nao wajulikana kwa jina la mahali hapo. Wako pia wenye sukuma ya mti, ambayo hupandwa kwa kukata matawi yake. Ukipata tawi la namna hiyo kwa jirani, huna haja ya pakiti.

Kabichi. Copenhagen Market na Sugarloaf ni mbegu za kawaida za tangu zamani, na kichwa chake chafaa jamaa moja. Katika F1, Gloria inajulikana sana na wauzaji. Lakini kumbuka ya kwamba kabichi huchukua kama miezi mitatu baada ya kuhamishwa kutoka kitaluni, na ukiikata imekwisha. Mwenye kishamba kidogo akipanda kabichi tupu, atakula mara moja na kungoja tena. Na apande sukuma kwa chakula cha kila siku, na kabichi kidogo pembeni.

Nyanya. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo tusikilizane. Nyanya ziko za vimo viwili. Ziko fupi, ambazo hukua, husimama, na kuzaa karibu pamoja. Hizo ni kama Cal J, Rio Grande na Roma. Ganda lake ni gumu, huvumilia sanduku na safari, nazo ndizo za kuuza. Ziko ndefu zinazoendelea kupanda, kama Money Maker. Hizo hutaka nguzo na kufungwa kamba, na kupunguzwa matawi ya kwapani, lakini huzaa kwa majuma mengi. Ganda lake ni laini, halipendi safari. Kwa mwenye kula nyumbani, mimea kumi ya Money Maker iliyofungwa vizuri ni bora kuliko mimea mia ya Cal J inayoiva yote wakati mmoja na kuoza.

Juu ya pakiti za nyanya utaona herufi baada ya jina, kama vile Roma VF. Hizo si mapambo. V na F ni majina ya magonjwa mawili ya ukungu yakaayo katika udongo na kunyausha mimea, na maana yake ni kwamba aina hiyo huvumilia magonjwa hayo. N ni kwa wadudu wadogo wa mizizi wanaofanya mizizi iwe na vifundo. Lakini uko mnyauko mwingine unaoletwa na bakteria, na herufi hizo haziuzuii. Kuujua ni rahisi. Kata shina la mmea ulionyauka, ulitumbukize katika glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka shinani, ndio huo. Mahali hapo usipande nyanya, wala viazi, wala biringani, wala managu, maana zote ni za jamaa moja. Panda sukuma, mahindi, au maharagwe kwa misimu kadhaa. Hapo fedha ya mbegu ya bei kubwa haitakuokoa, kwa kuwa adui yumo ardhini.

Tena yupo nondo mdogo aitwaye Tuta absoluta, aliyeonekana Kenya mwaka 2014. Viwavi vyake hutoboa majani na matunda. Usidhani kwamba kwa kununua mbegu ghali umekwisha mkinga.

Kitunguu. Hapa kuna siri ambayo ndugu wengi hawajaambiwa. Kitunguu hujua urefu wa mchana. Aina nyingi za Ulaya ya kaskazini hungoja mchana wa saa kumi na nne au zaidi ndipo zifanye kitunguu chini. Kwetu, karibu na ikweta, mchana ni kama saa kumi na mbili mwaka mzima. Mtu akiletewa na ndugu yake pakiti nzuri kutoka Uingereza, atapata majani mazuri tu, wala hatapata kitunguu hata akikiwekea mbolea yote ya dunia. Chukua aina zinazofaa mchana mfupi, kama Red Creole au Bombay Red. Na tena, mbegu ya kitunguu hufa upesi kuliko nyingine nyingi. Ikipita mwaka mmoja usiitegemee. Tazama tarehe.

Karoti. Nantes na Chantenay ndizo zinazojulikana. Nantes ni ndefu, hutaka udongo laini ulio na kina. Chantenay ni fupi na nene, huvumilia udongo mzito. Katika udongo wa mawe zote mbili zitapinda. Karoti husiwa pale pale itakapokaa, haihamishwi.

Mboga za kienyeji. Tumeziacha mwisho, lakini si kwa sababu ni za mwisho. Zamani wengi wetu tuliziona ni mboga za umaskini, tukazipa mgongo tulipofika mjini. Siku hizi managu, terere, saga, mrenda, mitoo na kunde huuzwa Nairobi hata katika maduka makubwa, na bei yake mara nyingi hushinda ile ya sukuma. Kwa mfanya kazi zina faida tatu. Huiva upesi, hazihitaji dawa nyingi, na mbegu zake ni rahisi kuziweka. Managu iko ya majani madogo yenye uchungu, na iko ya majani mapana isiyo na uchungu sana. Uliza nyumbani ni ipi inayopendwa, maana watu wa magharibi na watu wa kati hawapendi sawa. Saga ikikosa maji hukimbilia kutoa maua, basi vunja maua mapema. Na mbegu ya saga iliyovunwa jana haioti vizuri. Huitaka kulala miezi kadhaa kwanza. Wengi wamelaumu mbegu nzuri kwa sababu hawakungoja.

KUISOMA PAKITI

Ukishika pakiti, tazama mambo haya. Jina la aina, si jina la mboga tu. Kama ni F1 au siyo. Tarehe ya kupimwa na ya mwisho. Kiasi cha mbegu zinazoota kwa mia. Kibandiko cha KEPHIS, yaani shirika la serikali la kukagua mbegu na mimea, lililoanzishwa mwaka 1996. Ukikwangua kibandiko hicho utaona namba. Itume kwa simu kwenda 1393, nawe utajibiwa kama mbegu hiyo ni halali. Ikiwa mwenye duka hataki ukwangue, mrudishie pakiti yake. Mbegu za kudanganya ni wizi ambao huonekana baada ya miezi mitatu, wakati mwizi amekwisha kwenda zake.

Usinunue mbegu iliyoanikwa juani dirishani. Jua huua mbegu ndani ya pakiti, na pakiti haibadiliki rangi. Na mbegu iliyopakwa rangi nyekundu au ya kijani imetiwa dawa. Usiile, usiwape kuku, na unawe mikono.

Kabla ya kusia, pima. Hesabu mbegu 20, zifunge katika kitambaa kilicholowa maji, ukiweke mahali pa joto, kisikauke. Sukuma na kabichi hutoka kwa siku tano hivi. Nyanya na kitunguu hutaka siku saba mpaka kumi. Zikiota 16 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiota 10, sia mara mbili. Zikiota chini ya hapo, usipoteze samadi yako. Kazi hii haina gharama, nayo huokoa msimu mzima.

KUWEKA MBEGU, NA SHERIA

Tumesema mbegu za kawaida zaweza kuwekwa. Lakini si zote ni rahisi. Nyanya, maharagwe, kunde na managu hujizalisha zenyewe ndani ya ua lake, kwa hivyo watoto hufanana na mzazi. Anza na hizo. Chagua mimea iliyo bora tangu ikingali hai, uifunge uzi, mtu asiichume. Desturi ya kula kilicho kizuri na kuacha kilichobaki kiwe mbegu ndiyo iliyoharibu koo nyingi. Nyanya iliyoiva sana, kamua mbegu katika kikombe, ziache na maji yake siku mbili au tatu mpaka utando wake utoke, zioshe, uzianike kivulini juu ya sahani. Ziweke katika chupa kavu iliyofungwa, pamoja na majivu makavu, mahali pa baridi. Andika jina na tarehe. Usitwae mbegu kwa mmea mgonjwa, maana baadhi ya magonjwa, kama yale ya madoa ya maharagwe, husafiri ndani ya mbegu.

Sukuma na kabichi ni ngumu zaidi. Nyuki huchanganya unga wa maua yake, na mtoto akawa si sukuma wala si kabichi. Tena hutaka baridi ndipo zitoe maua, kwa hivyo katika mahali pa joto hutaona mbegu kabisa. Hizo ni heri kununua, au kupata kwa watu wa nyanda za juu wanaojua kazi hiyo.

Sasa juu ya sheria. Kwa miaka mingi wakulima walikuwa na hofu. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, pamoja na mabadiliko yake ya 2012, ilitisha kwa faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha hadi miaka miwili kwa makosa ya kuuza mbegu zisizothibitishwa. Mama aliyempa jirani yake mbegu za kunde hakujua kama yu mkosaji au siyo. Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani. Mwezi wa Novemba 2025 Mahakama Kuu huko Machakos ilitamka kwamba vifungu vilivyowazuia wakulima kuweka, kubadilishana na kuuza mbegu zao za kienyeji vinapingana na Katiba. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 11, yasema Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda mbegu za asili na matumizi yake kwa jamii za Kenya.

Twawaambia habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, mjue haki yenu. Pili, mtazame namna ilivyopatikana. Watu 15 wasio na mali nyingi walisimama pamoja, wakavumilia miaka mitatu. Sisi wa chama twaijua njia hiyo. Lakini uamuzi ule si ruhusa ya mtu kufunga mbegu hafifu katika pakiti na kuiandika jina la kampuni. Huo ni udanganyifu kama zamani.

TUNUNUE PAMOJA

Neno la mwisho ni juu ya hesabu. Kishamba cha mita tano kwa nne kikipandwa sukuma kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45 hubeba miche kama 70. Gramu moja ya mbegu za sukuma ina mbegu kama 250 mpaka 300. Basi hata ukihesabu zisizoota na zinazokatwa na viwavi, gramu moja yakutosha na kubaki. Lakini kila mtu hununua pakiti yake peke yake, hutumia robo, na nyingine hukaa juu ya dirisha mpaka ife. Hiyo ni fedha ya mishahara yetu iliyotupwa. Pakiti ya gramu kumi wanachama kumi hawaimalizi. Na mbegu za mkebe mkubwa huwa nafuu kwa gramu kuliko zile za pakiti ndogo.

Kwa hivyo twatoa shauri hili. Kila sehemu ya kazi ichague watu wawili, mmoja mwanamke na mmoja mwanamume. Hao wakusanye majina na fedha kabla ya mvua, wamwone afisa wa kilimo wa mahali hapo, wanunue kwa pamoja, wakwangue kibandiko mbele ya mwenye duka, wapime mbegu 20, ndipo wagawe. Stakabadhi ibandikwe ubaoni, kila mtu aione. Wale wenye ukoo mzuri wa managu au kunde kutoka kwao waulete, wapewe wengine. Na kitalu kimoja kikubwa chaweza kutunzwa kwa zamu, kama tunavyojua sana kufanya kazi ya zamu.

Ndugu, mtu akichagua mbegu kwa picha, anafanya kazi ya msimu mzima kwa faida ya aliyechapa picha. Akichagua kwa udongo wake, kwa maji yake, kwa nguvu za mikono ya nyumbani kwake, na kwa siku alizo nazo katika ardhi hiyo, jasho lake litarudi mezani pake. Mwenye kutaka kujiandikisha kwa mbegu za mvua zijazo amwone katibu wa tawi baada ya mkutano huu, aje na mke wake au mume wake, na aseme ni mboga gani.